Suluhu ya Wazee na Haki ya Mtoto

Miongoni mwa mambo tuliyoyarithi kwa wahenga wetu, ambayo hatuna sababu hata moja ya kuyaonea haya, mojawapo ni suluhu. Watu wawili wakigombana, wazee huketi, mikeka hutandikwa, upande huu husikilizwa na upande ule husikilizwa, aliyekosa hutozwa faini ndogo, na kabla jua halijatua waliogombana wamekwisha kula katika sinia moja. Hapana aliyefungwa wala aliyefilisika, na mashamba yao yanayopakana hayakugeuka kuwa uwanja wa uadui. Serikali yenyewe iliutambua mwenendo huu ilipotunga Sheria ya Mabaraza ya Kata, Namba 7 ya mwaka 1985, ikayapa mabaraza hayo kazi ya kwanza ya kutafuta amani na maelewano. Hata lugha yetu yashuhudia: shauri ni kesi, na shauri ni ushauri. Neno moja labeba mambo mawili kwa kuwa waliolitumia zamani hawakuona ukuta baina yake.

Naisifu suluhu makusudi tangu mwanzo, maana nitakayoyasema baadaye yaweza kumfanya msomaji adhani kwamba naibeza. Swali ninalotaka kulitazama ni hili: Je, suluhu iliyokubaliwa na kila mtu aliyekuwamo barazani yaweza kuwa dhuluma? Jibu langu ni kwamba yaweza. Tena sikulipata jibu hilo katika vitabu vya falsafa. Nimeitumikia serikali katika ofisi za halmashauri kwa miaka mingi. Elimu yangu ni ya sekondari, na mengi ninayoyajua nimeyajua kwa kusoma majalada na kuwasikiliza watu. Katika majalada hayo, yaliyonifikirisha kuliko yote ni yale yanayoandikwa na mtumishi mwenye cheo cha chini katika idara yake: Afisa Ustawi wa Jamii Daraja la Pili, kijana aliyetoka chuoni juzi, akapangiwa kazi ya kulinda watoto katika bonde la Kilombero.

Wasiolijua bonde hilo yafaa niwaeleze kidogo. Ifakara ni mji ulioko mkoani Morogoro, katikati ya uwanda mpana wenye Milima ya Udzungwa upande mmoja na milima ya Mahenge upande wa pili. Eneo lake oevu hufikia takriban kilomita za mraba 8,000, na mwaka 2002 liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu kwa dunia nzima. Reli ya TAZARA, iliyoanza kazi mwaka 1976, hupita chini ya Udzungwa kutoka Kidatu hadi Mang'ula, Ifakara, Mngeta na Mlimba. Wenyeji ni Wandamba, Wapogoro, Wambunga na Wabena. Wamejiunga nao Wahehe na Wangindo, na katika miaka ya karibuni wafugaji wa Kisukuma, Kimaasai na Kibarbaig. Chakula chao na fedha zao ni mpunga.

Mpunga ndio unaogawa mwaka wa bonde lile, na ndio unaogawa nyumba pia. Mashamba mengi yako mbali na kijiji, huko chini kwenye udongo wa mafuriko. Mvua zikianza, wazazi huhamia shambani na kuishi katika vibanda kwa wiki nyingi, pengine kwa miezi. Wengine huondoka na watoto wote, na shule hupungukiwa wanafunzi. Wengine huwaacha kijijini watoto wanaosoma, chini ya bibi kama yupo, na kama hayupo, chini ya binti mkubwa ambaye yeye mwenyewe ni mtoto. Mpunga ukianza kutoa masuke huja ndege, na hapo watoto hupanda juu ya dungu tangu alfajiri kuamia. Mtoto anayeamia ndege analinda chakula cha nyumba nzima, nasi tunaokula wali wa Kilombero mijini hatuna haki ya kumdharau.

Sasa mfikirie kijana wetu wa Daraja la Pili. Tuseme ni binti wa miaka 24. Amesoma Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, iliyokusanya mahali pamoja mambo yaliyokuwa yametawanyika tangu amri ya kikoloni ya mwaka 1937 juu ya watoto na vijana, na iliyotia katika sheria zetu mengi ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1989 ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1991. Amejifunza kwamba mtoto ni kila aliye chini ya umri wa miaka 18. Kwamba maslahi bora ya mtoto ndiyo yatangulizwe. Kwamba kila mwanajamii mwenye habari za mtoto kunyimwa haki zake ana wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa wake. Amejifunza neno kutelekeza. Anafika kijijini mwezi wa tatu, anapita nyumba kwa nyumba, na katika nyumba ya tano hamna mtu mzima.

Je, ameona utelekezaji? Akisema ndiyo, itampasa kuandika hivyo kwa nusu ya kijiji, na atakuwa amewaita wakatili wazazi waliokwenda kutafuta ada, daftari na chumvi. Akisema hapana, kwa kuwa ndiyo desturi ya mahali, atakuwa ameifanya desturi kuwa kofia ya kufunika kila kitu. Mimi naona kwamba asijibu haraka. Kwanza aulize: ni nani aliyeachiwa ufunguo? Chakula kilichoachwa ni cha siku ngapi? Mzazi hurudi kila baada ya muda gani, na anayejua njia ya shambani ni nani iwapo mtoto atashikwa na homa usiku? Jirani ameambiwa? Nyumba mbili zaweza kufanana kwa nje, zote hazina mzazi, na majibu ya maswali haya yakaonyesha kwamba moja ina malezi na nyingine haina. Umaskini si ukatili, na afisa asiyeweza kutofautisha mambo hayo mawili ataleta madhara makubwa kuliko yule asiyefika kabisa. Palipo na umaskini, kazi yake ni kutafuta msaada: kuipeleka kaya katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulioanza mwaka 2013, au kumwomba bibi wa nyumba ya pili awe jicho. Kumchukua mtoto na kumpeleka katika makao ya watoto ni jambo la mwisho, baada ya ndugu na baada ya familia ya malezi ya kambo.

Hayo ni magumu, lakini bado si kiini cha swali letu. Kiini kinakuja mpunga ukishavunwa.

Tuchukue mfano, nao ni wa kubuni, ingawa hakuna mwalimu wa bondeni atakayeuona mgeni. Binti wa miaka 14, mwanafunzi wa darasa la saba, aliachwa kijijini na wadogo zake wawili. Mtu mzima wa ukoo wa karibu, mwenye duka na mwenye heshima, alikuwa akiwakopesha sukari na mafuta ya taa. Wazazi wanaporudi na magunia yao, binti ana mimba. Baba anapandwa na hasira, anashika panga, anazuiwa. Wazee wanaitwa. Wanaketi siku mbili. Mwisho wanaamua: mwenye duka atoe fidia ya fedha na magunia kadhaa ya mpunga, agharimie uzazi, na akipenda amwoe binti. Baba anakubali. Mama, aliyeketi nyuma, hakuulizwa sana, naye anakubali. Mwenye duka anaomba radhi kwa unyenyekevu. Watu wanapeana mikono. Mwalimu mkuu anaambiwa kwamba mtoto amehamia kwa shangazi yake.

Kisha kijana wetu anafika kwa pikipiki kutoka Ifakara, ametumwa na simu ya mtu asiyejitaja jina, pengine kupitia namba 116 ambayo ni ya kupokea taarifa za watoto. Anawaamkia wazee, shikamoo zake zinaitikiwa, anapewa kiti. Anaposema lililomleta, mzee mmoja anamjibu kwa upole: "Binti yangu, jambo hilo tumekwisha kulimaliza. Usitufukulie kaburi."

Wazee wale si watu wabaya. Kwa mizani yao wamefanya kazi njema: wamezuia damu isimwagike, wamehifadhi udugu wa nyumba mbili, wamempatia mtoto atakayezaliwa baba anayejulikana. Na kijana yule anataka nini? Anataka binti apelekwe Dawati la Jinsia na Watoto polisi, ijazwe fomu ya PF3, apimwe hospitalini, na mwenye duka ashitakiwe. Kanuni ya Adhabu, tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, haijali kama msichana aliye chini ya miaka 18 aliridhia. Adhabu kwa mtu mzima haipungui miaka 30. Sheria ya Elimu nayo, ilivyorekebishwa mwaka 2016, hutoa miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi. Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilitamka kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinapingana na Katiba. Kwa hiyo sheria iko wazi. Lakini sheria kuwa wazi hakumaanishi kwamba swali la uadilifu limekwisha, na mwanafunzi anayejibu "ni kosa kwa sababu sheria imekataza" hajajibu. Wazee nao wana haki ya kupewa sababu.

Sababu yangu ni hii. Suluhu hupatanisha pande mbili, na uzuri wake wote umo katika kwamba kila upande umeketi, umesema, umesikia, umeridhia. Katika baraza lile waliketi akina nani? Aliketi baba wa binti, na aliketi mwenye duka. Hao ndio waliokuwa pande mbili. Ugomvi uliosuluhishwa ulikuwa ugomvi wa nyumba kwa nyumba: nani amemvunjia nani heshima, na heshima hiyo yarudishwa kwa magunia mangapi. Binti hakuwa upande. Alikuwa jambo lenyewe linalosemwa, kama vile mpaka wa shamba unavyosemwa na watu wanaogombana, nao mpaka hausemi. Hakutandikiwa mkeka. Aliambiwa jioni.

Mtu atasema kwamba mtoto huwakilishwa na mzazi wake, na kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ni kweli, na siku nyingi za maisha ndivyo ilivyo na ndivyo ipasavyo. Lakini mwakilishi ni mtu anayesema kwa ajili ya mwingine. Pindi mzazi anapokuwa na lake analolitaka katika suluhu ile, kuiondoa aibu, kuhifadhi ukoo, kupata magunia mwaka ambao mafuriko yamemlia nusu ya shamba, hapo hawezi tena kuwa mdomo wa mtoto, maana amekuwa mdomo wa nafsi yake. Simlaumu sana. Wazee wetu walilijua jambo hili katika mashauri mengine. Hawakumruhusu mtu kuamua ugomvi ambao yeye mwenyewe anadai au anadaiwa. Walichokosa ni kuliona pale ambapo mdai ni mzazi.

Hapa ndipo inapoonekana kazi ya kijana yule ni nini. Hakuja kuwa mzazi wa mtoto, wala hakuja kumhukumu mzazi. Kuhukumu ni kwa mahakama. Amekuja kuketi mahali pa mtoto. Sheria ya 2009 inataka Afisa Ustawi wa Jamii awepo Mahakama ya Watoto inapoketi, na inasema mtoto awezaye kuwa na maoni asizuiwe kuyatoa na asikilizwe.

Watamwambia: wewe ni mgeni, ni mdogo, hujazaa. Yote matatu ni kweli. Lakini ugeni huo ndio unaomwezesha. Hana shamba linalopakana na la mwenye duka, hakopi sukari kwake, dada yake hakuolewa katika ukoo ule. Jirani aliyeyajua mambo haya kwa wiki kadhaa alinyamaza si kwa kukosa huruma, bali kwa kuwa anaishi pale, na kesho atahitaji kusaidiwa kubeba mgonjwa. Wenyewe tuna msemo: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika miji mikubwa ya ng'ambo ilikuwa hivyo hivyo. Huko New York mwaka 1874, mtoto wa miaka 10 aliyekuwa akipigwa na mlezi wake, Mary Ellen Wilson, aliokolewa na mwanamke mpita nyumba kwa nyumba ambaye hakuwa ndugu wala jirani, tena kwa msaada wa kiongozi wa chama cha kuwalinda wanyama, kwa kuwa cha kuwalinda watoto kilikuwa bado hakijaundwa. Wale hawakutushinda kwa utu; walitangulia tu kugundua kwamba ujirani una mahali unapofika ukakwama.

Tusidhani kwamba mfano wetu ni wa nadra. Utafiti wa taifa uliofanywa mwaka 2009, na matokeo yake kutolewa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 hivi katika kila 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikia miaka 18, na wengi wao hawakutafuta msaada popote. Yaani kwa wengi hata baraza lenye makosa halikuketi.

Nimebakiza pingamizi moja ambalo naliona zito kuliko yote, nalo halitoki kwa wazee. Latoka kwa binti. Afisa anaketi naye chini ya mwembe, mbali kidogo na watu, anamwuliza polepole, na binti anasema: "Dada, niache. Nataka yaishe." Tumekwisha kusema kwamba kosa la baraza lilikuwa kutomsikiliza mtoto. Sasa mtoto amesikilizwa, na anasema maneno yale yale ya wazee. Je, afisa akiendelea na kesi, hajafanya baraza jingine juu ya kichwa cha mtoto, safari hii lenye mhuri?

Sina jibu rahisi, na namwonya mwalimu asiwape wanafunzi jibu rahisi. Naweza kusema haya. Kumsikiliza mtu si kumtii, lakini kunadai kwamba maneno yake yabadili kitu. Yako mambo ambayo ni ya binti mwenyewe: atalala kwa nani usiku wa leo, nani aambiwe na nani asiambiwe, atatoa ushahidi mbele ya nani, atarudi shule ipi na lini. Katika hayo neno lake liwe na uzito kuliko la afisa. Na liko jambo ambalo si lake peke yake, nalo ni kama mtu mzima aliyemfanyia hivyo atajibu au hatajibu, kwa sababu mwenye duka anakopesha sukari nyumba nyingine pia, na mzigo wa kuamua kumfunga au kutomfunga mtu wa ukoo ni mzigo ambao hatumtwishi mtoto wa miaka 14. Afadhali lawama hiyo aibebe afisa. Watu wa kijiji waseme, "Ni yule binti wa Ifakara aliyetuletea polisi," wasiseme, "Ni yule mtoto." Mshahara wa Daraja la Pili si mkubwa, na sehemu yake, kwa maoni yangu, ni malipo ya kuchukiwa kwa niaba ya mwingine.

Tena "yaishe" katika kinywa cha mtoto yaweza kuwa na maana nyingi. Pengine anaogopa kupigwa. Pengine amekwisha kuambiwa kwamba baba yake atarudisha magunia yaliyokwisha kuliwa. Pengine anadhani shule imemfungia mlango, wala hajui kwamba tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa ujauzito warudi darasani. Afisa anayeandika katika jalada "mtoto hataki kesi" na kulifunga, ameandika nusu ya sentensi. Lakini ili kuipata nusu ya pili itampasa arudi mara tatu au nne, na hapa nasema kama mtumishi wa serikali: kata nyingi hazina afisa wake, mmoja huangalia vijiji vingi, pikipiki huazimwa, na masika yakichachamaa barabara za bondeni hazipitiki. Kamati za ulinzi wa wanawake na watoto, zilizoundwa vijijini na katika kata chini ya mpango wa taifa ulioanza mwaka 2017, zasaidia pale zinapokutana. Twamtaka kijana huyu awe na subira ya mzee na miguu ya tarishi, kisha twamnyima mafuta ya pikipiki.

Suluhu haikosi mahali hata katika shauri hili. Wazee wanaweza kuupatanisha ukoo, kumzuia baba na panga lake, kumhimiza mama ampokee binti yake bila maneno ya kuchoma. Hakuna hakimu awezaye kufanya hayo. Wanachopaswa kuacha ni kuligeuza kosa kuwa deni la nyumba kwa nyumba, maana mtoto si mali ya nyumba hata madhara yake yalipwe kwa baba.

Tuseme kesi imekwenda, mwenye duka amefungwa. Binti amejifungua salama hospitalini Ifakara na anangoja muhula mpya. Afisa anarudi kijijini kumtazama. Njiani anapita mbele ya duka lililofungwa. Nyuma ya duka wako watoto watatu wa yule mfungwa, mkubwa ana miaka 11, na mama yao amekwenda shambani peke yake kwa kuwa hana tena wa kumsaidia. Wanamtazama kwa macho ya watu wanaomjua ni nani. Nao ni watoto, kwa tafsiri ile ile ya Sheria ya mwaka 2009. Anaegesha pikipiki, anawasalimu, anauliza ni nani aliyeachiwa ufunguo na chakula kilichoachwa ni cha siku ngapi, kisha anafungua jalada jipya.